Ile Kona ya Bomba Kule Ruziba

Riziki mwanangu,

Amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya mikono yako. Habari za mwili? Kichwa kimepoa? Najua utacheka, nakuuliza hali na huku asubuhi ya leo nimekuona ukinywa chai na kulalamika sukari ni kidogo. Lakini barua hii utaifungua ukiwa umekwisha kufika kwa fundi Elia, ng'ambo ya mpaka, na siku hiyo macho yangu hayatakuwa yamekuona. Basi namuuliza yule Riziki wa huko: umefikaje? Miguu haikuvimba kwenye basi? Umepata mahali pa kusali? Sisi huku tu wazima kwa neema. Mama yako anakunja nguo zako na kulia, analia na kuzikunja upya.

Nimekaa hapa karakana, juu ya benchi ya chuma, mlango nimeufunga nusu kwa sababu ni Jumapili na sitaki mteja. Wewe umekwenda Mutanga Nord kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule mara mbili. Ukirudi, karatasi hizi zitakuwa chini ya viatu vyako kwenye sanduku.

Mambo ya blanketi, ya dawa ya malaria, ya kutokula ovyo njiani, hayo ni ya mama yako na ameyasema mpaka kuku wa jirani wanayajua. Mimi nina jambo moja tu. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu mimi nanyamaza, unanijua.

Jambo lenyewe ni siku ya yule dereva wa lori la mchanga.

Alirudi na ile bawaba ya mlango wa nyuma uliyokuwa umemchomelea, imekatika. Akaitupa hapa miguuni pako, akasema mbele ya watu wote: "Nani alikudanganya mwanamuke anajua kusude vyuma? Rudi mu jiko, mama!" Nawe ukashika nondo ukaipeleka kichwani kwake. Mimi ndiye niliyeidaka. Kiwiko changu bado kinauma nikiinua nyundo. Ulikuwa unapiga kelele, "Baba niachilie! Niachilie nimuue!"

Watu walisema, mtoto wa Samweli amekasirika kwa sababu ametukanwa uanamke. Mi nikawaacha waseme. Tusi hilo wewe unalisikia kila wiki, na kila wiki unalicheka, unajibu, "Lete hiyo jiko nikuchomelee." Siyo tusi. Kabla hujainua nondo nilikuwa nimeinama nikaiangalia bawaba. Ufa ulipita pembeni kabisa ya mshono wako, pale ulipokuwa umekiunguza chuma kupita kiasi, na mshono wenyewe ulikuwa umepigwa brashi, unang'aa, mzuri kama pete. Nawe ulikuwa umeuona ule ufa. Niliuangalia uso wako ukiuona. Kwanza uliona, halafu ndipo ukashika nondo. Huo mpangilio ndio ulioninyima usingizi, maana naujua. Niliupitia mimi mwenyewe, na mtu akabaki bila goti.

Vipande vya habari hii unavyo. Unajua baba yako mdogo Desire alikufa kiwandani Ruziba kwa mvuke. Unajua Sadoki anachechemea. Labda watoto wa mtaa walikwambia ni nani aliyemvunja, na kama walikwambia walisema kweli. Lakini hujawahi kuambiwa kitu baada ya kitu, kwa sababu mwenye kukuambia nilikuwa mimi.

Kile kiwanda cha mafuta ya mawese sasa kimebaki kuta, mbuzi wanalala humo. Wakati ule kilikuwa na shodieri, lile tangi kubwa la kuchemshia maji, ambalo patroni, mwenye kiwanda, alilinunua likiwa limezeekea kwa watu wengine. Mvuke ulitoka mule, ukapitishwa motoni mara ya pili ukawa mkali zaidi, ukaenda kuzungusha mashine ya umeme. Njiani kulikuwa na kona moja, pale bomba linapopinda kushuka chini, nene kama paja la mtu. Mtunza moto alikuwa Sadoki. Alivuka ziwa akikimbia vita, shule hakuiona, lakini aliisikiliza ile mashine kama mama anavyomsikiliza mtoto mwenye kifua. Desire, mdogo wangu, alikuwa chini yake, anatupa makapi ya mawese motoni kwa chepe. Walikuwa wanakula ndagala wa ziwani pamoja kwenye mfuniko mmoja wa sufuria.

Sadoki akaanza kusema kona inalia.

"Mi nawaambia, hii bomba iko inalia."

"Ni tumbo yako inalia," Desire akamjibu, na watu wakafa kwa kicheko. "Tumbo ya mukimbizi hainyamazaki."

"Cheka, Desire. Siku itanyamaza, utanitafuta."

Alisema hivyo kila siku mpaka patroni akachoka kumsikia, akamwita fundi Elia, mpima mabomba ya mvuke, kutoka Tanzania. Moto ukazimwa, akaja mtu mwembamba, mpole, na sanduku moja. Walimtafutia mtu wa kumsaidia, nikapatikana mimi, kwa sababu nilikuwa na mashine ya kusagia chuma na nilikuwa na jina. Fundi Samweli. Kitu kikitoka kwangu kinang'aa, hilo mji mzima ulilijua.

Utanisamehe nikisema mambo ambayo kesho utayajua kunishinda. Nataka uone vile nilivyoyaona mimi mara ya kwanza. Nilimwuliza, "Fundi, tunakata wapi?" Akacheka. "Hatukati, ndugu yangu. Tukikata tutakuwa tumeua bomba ili tujue kama lilikuwa zima." Akachagua mahali padogo kwenye bomba lililonyooka, panatosha kuwekwa kopo la maziwa. Akasaga kidogo, kwa mkono mwepesi. Akapitisha msasa mnene, halafu mwembamba, halafu mwembamba zaidi, halafu kitambaa na dawa ya kung'arishia. Akapaka asidi iliyochanganywa na alkoholi, akaiosha. Halafu akang'arisha tena, akapaka asidi tena. Na tena. Mwishoni akachukua kikaratasi cha plastiki kilicho laini, akakilowesha kwa asetoni, akakibandika pale kama plasta juu ya kidonda. Kilipokauka akakibandua taratibu, akakiweka chini ya mikroskopu yake ndogo, akaniambia, "Tazama."

Riziki, mimi nilikuwa nimechoma chuma tangu ujana, nikidhani ni kitu kimoja, kama tope lililokauka. Nikaona punje. Zimebanana kama mahindi kwenye gunzi, kila moja na mpaka wake. Nikasema, "Mungu wangu, kumbe ulituficha hiki?" Nilimsifu Bwana kwa sauti pale pale, Elia akaniambia nisitikise meza.

Akanifundisha: chuma kikikaa miaka kwenye moto mkali na nguvu ya mvuke, vinaanza vitundu mipakani mwa punje. Kimoja hapa, kimoja pale. Baadaye vinashikana. Baadaye ni ufa. Kwa nje huoni kitu. Akanionya, nakumbuka hata kidole chake kilivyokuwa kimenyooka: "Mng'aro wa kwanza ni uongo, Samweli. Msasa unakisukuma chuma kama siagi juu ya mkate, unaziba vitundu. Asidi ndiyo inakula ile siagi. Rudia mpaka chuma kichoke kuficha."

Nikajibu, "Nimesikia." Na kweli nilisikia. Kusikia hakukuwa shida.

Kesho yake malaria ikamwangusha Elia. Akatuma neno kutoka chumba alimopanga: Samweli aitengeneze ile kona, yeye Elia atakuja kutazama akiinuka, na mtu asiwashe moto kabla hajaja.

Nikapanda ngazi. Nilikandamiza mashine mpaka chuma kikageuka bluu, nikaisugua ile bluu ikaondoka. Nikapita misasa yote. Nikang'arisha. Mwanangu, iling'aa! Niliona meno yangu mle ndani. Wafanyakazi chini wakapiga miluzi. Halafu nikapaka asidi, kama nilivyofundishwa, na pale pale kile kioo kikafa. Kikawa cha kijivu, kichafu, kama mtu amekipulizia moshi. Nilisikia aibu, watu wakiwa wananiangalia. Nikasema moyoni nimeharibu kazi. Nikachukua kitambaa nikaking'arisha upya mpaka kioo kikarudi, na asidi sikuigusa tena.

Hapo ndipo kosa lilipo, wala si kubwa kwa kuliangalia. Fundi wa kuchomelea amezoea kwamba kazi ikishang'aa imekwisha. Nilifuta ushahidi kwa sababu ulikuwa haupendezi.

Patroni akaja, viatu vyeupe, akapanda ngazi nusu. "Ah! Iko kama kioo. Fundi, unaionaje?"

Nilikuwa juu pale, na watu wote chini wamekaa siku kadhaa bila kazi, wananitazama kama wanavyomtazama pasta kabla ya amina. Nikasema, "Iko muzuri, patroni. Muzuri kabisa."

Sadoki alikuwa amesimama kando ya mlango wa moto. "Muzuri inje," akasema. "Na ndani?"

"We ni nani?" nikamwuliza. "Mutu wa kuchochea moto atanifundisha chuma?"

Walimcheka. Patroni akamwambia, washa. Sadoki akakataa. Akaketi chini, akafunga mikono kifuani, akasema fundi mwenye sanduku hajasema. Patroni akamtukana, halafu akamgeukia Desire. Desire akasogea chini ya ngazi. Aliniinulia uso mimi, chepe mkononi, jasho likimtiririka masikioni.

"Kaka, niwashe?"

"Washa."

Neno hilo moja, Riziki. Nimesali zaburi nyingi tangu siku hiyo, na chini ya kila zaburi nalisikia.

Moto ukawaka, mashine ikafanya kazi mchana ule na usiku ule. Asubuhi nilikuwa nimerudi kuchukua vyombo vyangu, nikasimama uani na kamba ya kufungia mzigo. Sikusikia mlio. Watu wote wanasema walisikia mlio, mimi nilisikia ukimya, kama mtu amenipiga makofi masikio yote mawili. Paa la mabati likafunguka. Kitu cheusi kikapita juu yangu kikazika nusu yake kwenye lundo la makapi. Ndipo mngurumo ukaja, na haukukoma.

Mvuke wa namna ile, pale unapotokea, hauonekani. Unaona hewa tupu, ufagio ukipita pale unakatika. Watu walitoka kwa madirisha. Mmoja alitoka na nywele zinafuka. Desire alitoka kwa mlango, kwa miguu yake mwenyewe. Alitembea kuelekea kwangu ameinua mikono kama anayetaka nimvue shati, nami nikamkimbilia nikamshika mikono, na ngozi ikabaki kwangu kama glavu. Hakulia. Aliuliza kama mvua inanyesha. Akaketi, akalala ubavu, na nilipomaliza kuita jina la Bwana alikuwa hayupo.

Sikuandikii haya ili uote vibaya. Nataka ujue neno "muzuri" linaweza kuchuna ngozi ya mtu.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hayo ndiyo sababu ya barua. Watu walikuwa wanazunguka ua kama siafu waliokanyagwa. Ndipo mmoja, simtaji, akapiga kelele: "Sadoki alikataa kuwasha! Alijuaje?" Mwingine akaidaka: "Alijua kwa sababu ni yeye!" "Ameroga!" "Alifunga mvuke!" "Mukimbizi anakula mukate yetu, sasa anakula watu!" Umeona jinsi lilivyogeuka? Yule mmoja aliyesema kweli ndiye akawa mwenye hatia, kwa sababu alisema.

Sadoki alikuwa amepiga magoti kando ya Desire, anamfunika kwa koti lake. Mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nimekwisha kukiona kile kitu kilichoruka. Ni ile kona, imepasuka kama samaki sangala aliyefunguliwa tumbo, na kiganja kimoja kutoka kwenye mpasuko kulikuwa na kioo changu, kinang'aa juani, hakijakwaruzika. Nilikiona, halafu ndipo nikaokota chuma cha kufungulia vali.

Mimi ndiye niliyepiga wa kwanza. Nilipiga goti, kwa sababu alikuwa amepiga magoti na goti ndilo lililokuwa karibu. Nilisikia likivunjika. Akanitazama akasema, "Samweli, niliwaambia inalia," nami nikampiga mdomo ili usiseme tena. Wengine wakaja na machepe. Sikuwa na hasira naye hata kidogo, hilo nalisema mbele za Mungu. Nilikuwa napiga ile sauti yake. Kila pigo nilikuwa napumua kidogo, kama mtu aliyezama anayetoa pua nje ya maji. Jihadhari na ule utamu. Upo. Watu wa kanisani hawausemi, lakini upo.

Wakamfunga kwa kamba yangu ya mzigo. Wakaanza kumkokota kwenda ziwani.

Elia akatokea kwenye baiskeli ya kubeba watu, amejifunika blanketi, anatetemeka, macho mekundu ya homa. Mlipuko ulimwamsha kitandani. Akauliza kuna nini, wakamweleza kwa sauti ishirini pamoja. Akatazama ile kona, akatazama mikono yangu ilivyokuwa, nadhani akaelewa yote. Hakunitaja. Akasimama njiani mbele yao, blanketi likimdondoka.

"Mnipe muda wa kutazama chuma hiki. Kikisema ni huyu, mtutupe wote wawili ziwani, siwezi kukimbia, mnaniona."

"Na we utadanganya! Muko wageni wote wawili!"

"Sitatazama mimi. Nani fundi wenu hapa? Nani mnamwamini?"

"Samweli!" wakapiga kelele. "Fundi Samweli! Ndugu yake ndiye amekufa!"

"Basi," Elia akasema. "Samweli, anzia pale pale ulipoachia."

Wakamwaga maji juu ya kona mpaka ikapoa. Nikapiga magoti kwenye makapi. Mikono ilikuwa na damu ya Sadoki, na kitu kingine cha Desire ambacho sikukiosha. Elia aliketi kwenye sanduku lake, meno yanagongana, ananipa vitu kimoja kimoja. Asidi. Kile kioo kikafa kikawa kijivu. "Usiogope," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hujaharibu. Endelea." Kitambaa. Asidi. Kitambaa. Asidi. Nyuma yangu watu wanapumua, inzi wanakuja kwa Desire, Sadoki anaugua kwenye kamba. Ni kazi ya upole, unajua. Huwezi kuifanya kwa hasira, mkono ukikandamiza unaanza upya. Ilibidi nitulize mkono ule ule.

Nikabandika kikaratasi. Nikangoja kikauke. Nikakibandua, nikaweka jicho.

Punje zilikuwepo, mahindi yale yale. Na mipakani kulikuwa na weusi. Kitundu, kitundu, halafu vingi, vimepangana kama shanga kwenye uzi, halafu uzi wenyewe umefunguka ukawa mto mweusi unaoelekea kwenye mpasuko. Havikuanza jana. Vilikuwepo chini ya kioo changu wakati nikiangalia meno yangu.

"Unaona nini, fundi?" wakauliza.

Hapa, Riziki. Pale uani palikuwa na watu wawili tu waliojua kusoma kitu kile, na mmoja alikuwa na homa na amekwisha kusema hatatazama. Ningeweza kusema, naona chuma kizima. Wangeniamini. Sadoki angeingia ziwani na jawabu langu lingezama naye. Nililifikiria, na sikulifikiria kwa haraka. Nilitazama mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kilichonitoa mle si imani, ungependa niseme imani. Ni lile koti. Desire alikuwa amefunikwa koti la Sadoki, na mkono mmoja wa koti ulikuwa umekunjwa chini ya kichwa chake, kama mtu anavyomwekea mtoto mto.

Nikasimama. Nikasema, "Kona ilikuwa imeoza ndani. Ilikuwa imeoza nilipoitengeneza. Niliifunika mimi kwa kuing'arisha. Sadoki alisema kweli, mimi ndiye nilisema muzuri, na mimi ndiye nilimwambia Desire awashe."

Jiwe la kwanza lilinipata hapa juu ya nyusi. Lile kovu ulilokuwa ukiliuliza ukiwa mdogo, nikakwambia ni cheche. Siyo cheche. Walinipiga wale wale, kwa machepe yale yale, na wengi wao ni watu ninaowasalimu hadi leo sokoni. Mbavu zilivunjika, jino likatoka. Elia alijaribu kunilalia juu wakamtupa kando kama gunia. Nilikuwa nimekwisha kujiachilia, nilisema Baba mikononi mwako, na ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye kamba.

"Inatosha! Maiti moja inatosha! Mumenivunja mi, sasa mumuache huyu. Nani atamuzika Desire? Patroni?"

Walisimama. Mtu waliyekuwa wanakwenda kumzamisha ndiye waliyemtii. Patroni alikuwa amekwisha kutoweka na gari, na viatu vyake vyeupe hatujaviona tena.

Tukamzika Desire. Sadoki alikaa hospitali, goti halikurudi. Nilikwenda kumpigia magoti, akageukia ukutani. Nikasimama kanisani nikasema nilichofanya, watu wakasema amina, lakini yeye alikuwa ametoka nje. Hivyo miaka ikapita. Wewe ulikuwa unaanza shule ya msingi siku aliyoingia hapa karakana na mkongojo na mbabula yake ya makaa iliyotoboka, akaiweka hapa kwenye benchi hii ninayokalia.

"Chomelea," akasema. "Lakini usiing'arishe."

Nikacheka, nikalia, sikujua kipi kilitangulia. Akaketi. Kesho yake akarudi. Ndiye huyo aliyekufundisha kuweka bisibisi sikioni na kusikiliza injini, huyo unayemwita Baba Mukubwa na kumletea chai bila kutumwa.

Sasa unakwenda kwenye kazi ile ile. Utapiga magoti mbele ya mabomba ya watu, watu utakaowaona mara moja tu, na wote watakuwa nyuma yako wanataka uwaambie iko muzuri. Hawatakuwa wabaya. Watakuwa wamechoka kungoja. Na mara ya kwanza asidi ikiua kioo chako, utasikia aibu mkononi. Hapo nikumbuke.

Ule ufa wa bawaba pia utaupata tena, mahali pengine, mbele ya mtu mwingine mwenye mdomo. Siwezi kuwepo kudaka nondo. Pasta angekutengenezea mfano hapa, wa chuma na moyo. Mi sina. Nakwambia tu niliyoona: mkono wangu ulikuwa mzito kuliko wa wote uani kwa sababu mimi ndiye niliyejua. Ukisikia mkono wako umekuwa mzito hivyo, weka chuma chini, inama, tazama mshono wako kwanza. Baadaye kama bado unataka kumpiga, basi, lakini nadhani hutataka.

Yule dereva alirudi Alhamisi, hukuwepo. Nilimwambia bawaba ilikuwa kosa letu, nikaichomelea upya bila kupiga brashi. Alicheka sana. "Muzee, mutoto wako iko na mukono! Mumuozeshe kwa polisi!" Nikamwambia, Riziki anasema pole. Najua hukusema. Ukitaka iwe kweli, nipigie nikupe namba yake.

Neno la mwisho, halafu nifunge, nasikia watu wa kwaya wanarudi na wewe utakuwa njiani.

Unadhani ni mimi niliyekuombea nafasi kwa Elia. Nilikuacha udhani hivyo, kwa sababu ulinikumbatia. Mimi nisingethubutu kumpigia Elia simu. Ni Sadoki. Alikaa hapo mlangoni, akaniomba nimbonyezee namba, akasema: "Fundi, ni mi ile mutu wa kamba. Kuna mutoto hapa anajua kusikia chuma. Mufundishe kuiona. Ni wa Samweli." Halafu akanirudishia simu, akaomba chai.

Basi ukishatua mzigo, tujibu upesi. Sadoki hajui kusoma, na anataka kujua bomba la kwanza ulilotazama lilikuwaje. Andika vile ulivyoona, hata kama ni vibaya. Nitamsomea mimi, kwa sauti, hapa kwenye benchi.

Baba yako anayekupenda,
Samweli